James Prescott Joule

James Prescott Joule (Salford, 24 Desemba 1818 – Sale, 11 Oktoba 1889) alikuwa mwanafizikia wa Uingereza aliyepima ni joto kiasi gani linatokana na kazi. Kipimo cha nishati, jouli, kimepewa jina lake.

Baba yake alimiliki kiwanda cha bia. Joule alisomea nyumbani, na kwa muda yeye na kaka yake Benjamin walifundishwa na mwanakemia John Dalton huko Manchester. Hakuwahi kuwa profesa.

Alianza na swali la kibiashara: je, mota ya umeme ingeweza kuchukua nafasi ya injini ya mvuke? Jibu lilikuwa hapana, kwa sababu zinki ya betri iligharimu zaidi kuliko makaa ya mawe. Hata hivyo alivutiwa na joto la nyaya. Mwaka 1840 alionyesha kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana hadi leo umeme wa mbali husafirishwa kwa volti kubwa na mkondo mdogo.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa joto ni kitu kama majimaji yasiyoonekana, kisichoweza kuumbwa wala kuangamizwa. Joule aliona vingine. Katika jaribio lake maarufu, vizito vilivyoshuka vilivuta kamba na kuzungusha makasia ndani ya chombo cha maji. Maji yalipata joto kwa sehemu ndogo tu ya digrii, lakini vipimajoto vyake vilikuwa makini sana. Nishati iliyoonekana kupotea kwa msuguano ilikuwa imegeuka joto. Jambo hilohilo hutokea kwenye mashine ya kusaga: mkulima wa Balangdalalu, wilayani Hanang, anayepeleka mahindi hupokea unga wenye joto.

Alipoeleza matokeo yake huko Cork mwaka 1843, wasikilizaji walikaa kimya. Mwaka 1847, huko Oxford, kijana William Thomson alivutiwa, ingawa hakukubali mara moja. Kilichomsumbua kilikuwa swali la haki: kama nishati haiangamii, mbona joto likishatawanyika haliwezi kurudishwa lote kuwa kazi? Baadaye wawili hao walifanya utafiti pamoja.

Joule alipokelewa katika Royal Society mwaka 1850. Kaburi lake limechongwa namba 772.55, matokeo ya kipimo chake cha 1878: idadi ya ratili zinazopaswa kushuka futi moja ili ratili moja ya maji ipate joto kwa digrii moja ya Fahrenheit. Kipimo cha kisasa ni takriban 778.