George Stokes na Safari ya Tope Baharini

Mvua kubwa ya masika inyeshapo, tazama bahari kutoka Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Maji yaliyobeba udongo huingia baharini na kuichafua. Ng'ambo, karibu na Bagamoyo, Mto Ruvu huleta tope jingi zaidi. Je, tope hilo hufika wapi? Jibu lina maana kubwa kwetu. Tope likizidi, huyanyima matumbawe mwanga wa jua na huweza kuyafunika. Matumbawe yakifa, samaki wengi hukosa makao, na mvuvi hukosa riziki.

Mmoja wa waliotuwezesha kujibu swali hilo ni George Gabriel Stokes. Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1819 katika kijiji cha Skreen, Ayalandi. Baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1837 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1841 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati, na mwaka 1849 akawa profesa.

Mwaka 1845 Stokes alieleza kwa hesabu jinsi maji yanavyosukumana na kusuguana yanapotiririka. Mfaransa aitwaye Navier alikuwa amemtangulia kwa njia nyingine, naye Stokes hakulificha jambo hilo. Tena, alipokokotoa mwendo wa maji ndani ya mabomba, aliona kuwa jibu lake halilingani na vipimo vya watu wengine. Kwa hiyo hakulitangaza.

Mwaka 1851 alitoa kanuni ya kuzama kwa punje ndogo. Chukua punje mbili za madini ya aina moja, katika maji yaliyotulia. Ikiwa kipenyo cha moja ni mara mbili ya kipenyo cha nyingine, ile kubwa huzama kwa kasi mara nne. Ndiyo sababu mchanga hutua karibu na mlango wa mto, bali udongo laini huchukuliwa mbali na mkondo wa bahari.

Stokes alifariki tarehe 1 Februari 1903, kabla ya kuwapo kompyuta. Siku hizi wataalamu huigawa bahari katika visanduku vidogo vya hesabu ndani ya kompyuta. Kwa kila kisanduku, kompyuta hukokotoa nguvu ya mkondo na kasi ya kuzama kwa tope. Kisha huchora ramani ya rangi, inayoonyesha mahali penye tope jingi na mahali penye maji safi. Lakini ramani hiyo haiaminiwi hivi hivi. Wataalamu huenda baharini, huchota maji, hupima tope, na kulinganisha. Vipimo visipokubaliana na ramani, hesabu hurudiwa.

Sasa fanya jaribio hili. Tia mchanga na udongo wa mfinyanzi katika chupa yenye maji. Andika ni kipi unachodhani kitatangulia kutua. Funga chupa, itikise, kisha iache itulie hadi kesho. Je, ulichokiona kinakubaliana na ulichoandika? Kama hakikubaliani, usikifute ulichoandika. Tafuta sababu.