Aga Khan wa Tatu: Aliyesaidia kujenga ngazi ya ufundi isiyofika Bute

KIJANA aliyesomea uhandisi akitokea Bute, makao makuu ya Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, hukabiliwa na swali moja kila anapobisha hodi katika kampuni za teknolojia. Shahada yake hutazamwa kwa muda mfupi na kuwekwa kando. Kisha huulizwa anaweza kufanya nini. Je, anaweza kuandika programu, kusoma mchoro wa kiufundi, kutafuta hitilafu katika mtambo na kueleza kwa lugha fasaha jinsi alivyoiondoa?

Swali hilo si geni Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 70 iliyopita lilimshughulisha mtu ambaye wengi humkumbuka kwa utajiri wake, kwa farasi wake wa mashindano na kwa siku alipopimwa kwenye mizani dhidi ya almasi. Mtu huyo ni Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu, aliyekuwa Imamu wa 48 wa Waislamu wa madhehebu ya Shia Ismailia.

Alizaliwa Karachi mnamo Novemba 2, 1877. Baba yake alipofariki mwaka 1885, mtoto huyo alirithi uongozi wa jamii iliyotawanyika katika mabara kadhaa, na hakuwa ametimiza hata miaka minane. Mama yake, aliyetoka katika ukoo wa wafalme wa Uajemi, ndiye aliyesimamia malezi na masomo yake. Alifundishwa Kiarabu, Kiajemi na Kiingereza, na pamoja na elimu ya dini akapewa elimu ya dunia.

<b>Chanjo mbele ya umma</b>

Tukio lililodhihirisha msimamo wake kuhusu sayansi lilitokea angali kijana. Mwaka 1896 ugonjwa wa tauni ulilipuka mjini Bombay na kuua watu kwa maelfu. Mwanasayansi Waldemar Haffkine alikuwa ametengeneza chanjo, lakini watu waliiogopa na uvumi ukaenea kote. Aga Khan, aliyekuwa na umri wa miaka 19 hivi, alimpa Haffkine nyumba yake moja iwe maabara, kisha akachanjwa hadharani ili wafuasi wake waone.

Kwa kitendo hicho alikuwa amewaonyesha wafuasi wake kwamba maarifa mapya hayapokewi kwa kusifiwa tu. Sharti mtu ayajaribu, aone matokeo yake na ayatumie panapostahili.

Mwaka 1899 alizuru Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwaka ambao reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na mpangilio wa kazi uliozaliwa pale ulidumu kwa miongo mingi. Mzungu alikuwa mhandisi, Mhindi akawa fundi au karani, naye Mwafrika akabeba mataruma na kuchimba udongo. Rangi ya ngozi ndiyo iliyopanga watu, lakini mpangilio huo ulijitetea kwa jina la ujuzi. Asiyekuwa na cheti cha ufundi hakuwa na hoja ya kudai nafasi ya juu.

Aga Khan alirejea eneo hili mara kadhaa. Huko India alikuwa tayari amejitosa katika vita vya elimu. Aliongoza kampeni kubwa ya mwaka 1911 ya kuchanga fedha ili chuo cha Aligarh kipandishwe hadhi, na mwaka 1920 kikawa chuo kikuu. Alikuwa pia rais wa kwanza wa chama cha Muslim League hadi mwaka 1913, na mwaka 1937 alichaguliwa rais wa Baraza Kuu la Ligi ya Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa.

Aliwahimiza wafuasi wake wawasomeshe wasichana sawa na wavulana, wakati ambapo viongozi wengi wa umri wake walilikwepa jambo hilo.

<b>Dhahabu na almasi</b>

Wakenya wa zamani walimfahamu zaidi kwa sherehe. Mnamo Machi 1937, jijini Nairobi, wafuasi wake waliadhimisha miaka 50 ya uongozi wake kwa kumpima dhidi ya dhahabu. Mnamo Agosti 1946, mjini Dar es Salaam, alipimwa tena, safari hii dhidi ya almasi, kuadhimisha miaka 60.

Sherehe hizo zilizua minong'ono, na haikukosa msingi. Huyu alikuwa tajiri aliyeishi Ulaya na ambaye farasi wake walishinda mashindano ya Derby ya Uingereza mara tano. Katika nchi ambayo mkulima alilipishwa kodi ya kibanda, mizani ya almasi ilikuwa kioja.

Hata hivyo, fedha zilizochangwa hazikuishia katika mifuko yake. Kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937, mwaka ule ule wa dhahabu. Sherehe za almasi zilizaa shirika la kukopesha watu mitaji na fedha za kujenga nyumba, ambalo baadaye lilikua na kuwa benki ya Diamond Trust. Jamii yake ilijifunza kugeuza mchango wa siku moja kuwa chombo cha kudumu.

Mwaka 1945 aliwageukia Waislamu wa Afrika Mashariki walio nje ya madhehebu yake. Mjini Mombasa kukaundwa jumuiya ya ustawi wa Waislamu, East African Muslim Welfare Society. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleweka: kwa kila shilingi ambayo Waislamu wa mahali fulani wangechanga kwa shule au msikiti, naye angetoa shilingi. Aliyeketi akingoja msaada hakupata kitu.

<b>Karakana ya Tudor</b>

Tatizo kubwa la wakati huo lilifahamika kwa kila mzazi wa Pwani. Shule nyingi zilikuwa za wamishenari, na Waislamu wengi waliziepuka wakihofia watoto wao wangebadilishwa dini. Mtoto alihitimu chuoni akiwa hodari wa Kurani, lakini bandari, reli na karakana za serikali zilitaka mtu anayejua hesabu, Kiingereza na kazi za chuma na umeme. Hivyo basi imani ililindwa na ajira ikapotea.

Mazungumzo kuhusu elimu ya ufundi kwa Waislamu yalikamilika mwaka 1948 chini ya Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Matunda yake yalikuwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME. Fedha za majengo na vifaa zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, kwa jamii ya Mabohora na kwa hazina ya Uingereza ya maendeleo ya makoloni. Ardhi ya ekari 33 mtaani Tudor ilinunuliwa kwa fedha za Sheikh Khamis Mohamed bin Juma. Hati ya kuianzisha ilitolewa mwaka 1950, na milango ikafunguliwa mwaka 1951.

Ingawa jina lilitaja elimu ya Kiislamu, kazi iliyokusudiwa ilikuwa ya karakana. Shughuli kuu ilikuwa kufundisha ufundi, wa mitambo na wa umeme, si kutoa masheikh. Msikiti na karakana vilikaa katika uwanja mmoja, na mzazi hakulazimika tena kuchagua kimoja akakosa kingine.

Ufundi wa aina hiyo hauna njia ya mkato. Mwanafunzi wa mitambo huanza kwa kupima, kwa sababu chuma kilichokosewa kwa nusu milimita hakiingii mahali pake. Hufuata mchoro, ambao ni lugha ya wahandisi wote duniani. Huja hesabu, kisha mkono wenyewe ushikao tupa na spana hadi uzoee. Mwisho huja maandishi, maana mtambo uliotengenezwa bila kumbukumbu humsumbua fundi atakayefuata.

Orodha hiyo ukiihamishia katika kampuni ya programu ya leo, hubadilika majina tu. Kupima kumekuwa kujaribu programu kabla ya kuikabidhi. Mchoro umekuwa mpango wa mfumo. Maandishi yamebaki kuwa maandishi, na wahandisi vijana wangali wakiyadharau.

<b>Ngazi isiyofika kaskazini</b>

Lakini taasisi hiyo ilikuwa na kasoro ambayo fedha za Aga Khan hazikuweza kuiondoa. Ilikuwa ngazi iliyoegemezwa ukutani huku vipago vyake vya chini vikikosekana kwa baadhi ya watu. Aliyetaka kuingia karakana ya Tudor sharti awe amepitia shule ya msingi.

Bute ya miaka hiyo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofahamika kama NFD. Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa eneo lililofungwa, na sheria ya mwaka 1934 ikawaongezea watawala mamlaka juu ya mienendo ya wenyeji. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Shule zilikuwa za kuhesabika, na mfugaji aliyefuata malisho na visima hakuishi mahali pamoja kwa muda wa kumwezesha mtoto kumaliza darasa. Taasisi ikajengwa kwa ajili ya Waislamu, ilhali eneo zima la Waislamu likabaki nyuma ya kizuizi.

Uhuru wa mwaka 1963 haukukiondoa kizuizi hicho. Vita vya Shifta vilizuka, na sheria za hali ya hatari zikadumu kaskazini hadi mwaka 1991. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 nao ulielekeza mitaji katika maeneo yenye rutuba, mvua na miundomsingi, ambayo kaskazini haikuwa nayo.

Aga Khan hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Versoix, Uswisi, mnamo Julai 11, 1957 akiwa na umri wa miaka 79, na mwili wake ukazikwa Aswan nchini Misri, kando ya mto Nile. Alimrithisha uongozi mjukuu wake Karim, aliyekuwa mwanafunzi wa umri wa miaka 20 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Karim naye alifariki Februari 2025.

Taasisi ya Tudor ilizidi kubadilika. Mwaka 1966 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa, ikapokea wanafunzi wa dini zote, na mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ilifanywa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikapata hadhi kamili kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Katika mji huo huo, mwaka 2009, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika ufuoni na kufungua ukurasa mpya wa kampuni za teknolojia nchini.

<b>Somo kwa wahandisi wa leo</b>

Kampuni hizo zimeonyesha kwamba ujuzi wa mitambo pekee hautoshi. Mnamo 2005, kabla ya M-Pesa kuzinduliwa rasmi mwaka 2007, huduma hiyo ilijaribiwa kwa wateja wachache ili walipe mikopo midogo kwa simu. Waliosimamia majaribio waligundua kwamba wateja walikuwa wakiitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Wakaufuata mwenendo wa mteja badala ya kung'ang'ania mpango wao wa awali. Uwezo huo wa kumtazama mtumiaji na kukubali kusahihishwa haupatikani katika mtihani wa kuandika.

Hapo ndipo kijana wa Bute ana akiba ambayo mwenzake wa jijini hana. Anajua maana ya kisima kilichoharibika pampu wakati wa kiangazi, ya mnara wa simu unaonyamaza, na ya mfugaji anayeuza ngamia mbali na benki. Mhandisi aliyeyaishi matatizo hayo huanza kazi akiwa na nusu ya jibu.

Nusu ya pili hutokana na mwalimu wa hesabu na fizikia. Mapema mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa na magaidi huko Kamuthe, Garissa, tume ya kuwaajiri walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Hofu ya walimu ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kwa mwanafunzi aliyebaki darasani bila mwalimu wa fizikia, kizuizi cha zamani kilikuwa kimerudi kwa sura nyingine.

Aga Khan wa Tatu alifahamu kwamba sadaka bora kwa kijana ni ujuzi ambao mwajiri hawezi kuukataa, na alitoa fedha zake kwa ajili hiyo. Kipago cha kwanza cha ngazi hiyo hakikuwa Tudor wala hakiko Nairobi. Kiko katika darasa la Bute, mbele ya ubao, pale mtoto anapofundishwa kupima kwa usahihi.