Grace Ibingira: Mbunifu wa bendera ya Uganda aliyefungwa na serikali ya nchi yake

Katika kambi ya polisi ya Nsambya, jijini Kampala, korongo taji huonekana kwenye bendera ya taifa na kwenye nembo ya polisi. Ndege huyo alikuwa alama ya Uganda hata kabla ya uhuru. Anayetambuliwa kwa kumpa nafasi aliyonayo leo katika bendera ni Grace Stuart Ibingira, mwanasheria na mwanasiasa kutoka Ankole.

Ibingira alizaliwa mwaka 1932. Alisomea sheria Aberystwyth, nchini Uingereza, kisha akarejea nyumbani na kuingia katika siasa kupitia chama cha UPC.

Enzi za ukoloni, korongo alichorwa ndani ya duara katika bendera ya buluu iliyobeba bendera ya Uingereza pembeni. Mwanzoni mwa 1962, serikali ya Benedicto Kiwanuka wa chama cha DP ilipendekeza bendera ya kijani na buluu yenye umbo la korongo wa manjano. UPC kiliposhinda uchaguzi wa Aprili, pendekezo hilo liliwekwa kando.

Ubunifu wa Ibingira ulileta milia sita: nyeusi kwa watu wa Afrika, manjano kwa mwanga wa jua, na nyekundu kwa undugu wa damu. Rangi hizo zilikuwa za chama chake. Korongo, hata hivyo, hakuwa wa chama chochote. Wakoloni walimtumia, DP walimtumia, naye Ibingira akambakiza. Alisimamishwa katikati, ndani ya duara jeupe, mguu mmoja ukiwa umeinuliwa kuonyesha taifa linalosonga mbele. Bendera hiyo ilipandishwa Oktoba 9, 1962, siku ya uhuru.

Ibingira akawa Waziri wa Sheria, na mwaka 1964 akachaguliwa Katibu Mkuu wa UPC. Lakini undugu uliotajwa na rangi nyekundu haukudumu. Februari 22, 1966, Waziri Mkuu Milton Obote aliamuru akamatwe pamoja na mawaziri wenzake wanne wakiwa katika kikao cha baraza huko Entebbe. Walikwenda mahakamani kudai uhuru wao, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikawapa haki. Hata hivyo, walikamatwa tena kwa kanuni za hali ya hatari. Aliyewahi kusimamia sheria za nchi alikaa kizuizini takriban miaka mitano bila kuhukumiwa.

Aliachiliwa mwaka 1971, baada ya Idi Amin kutwaa madaraka, akateuliwa kuwa balozi katika Umoja wa Mataifa. Baadaye aliachana na utawala huo, akaishi uhamishoni na kuandika vitabu.

Ibingira alifariki mwaka 1995, mwaka ambao Uganda ilipitisha katiba mpya. Katiba na serikali zilikuwa zimebadilika mara kadhaa tangu uhuru. Bendera yake haikubadilishwa.