Johann Ludwig Krapf: Mtumishi wa Kazi Isiyokamilika

Miongoni mwa wageni waliokichunguza Kiswahili katika karne ya 19, Johann Ludwig Krapf hutajwa mapema kwa sababu ya sarufi, tafsiri na kamusi yake. Lisilotajwa sana ni kwamba kazi nyingi alizozianza zilikamilishwa na wengine, na kwamba yeye naye, uzeeni, alishughulikia kazi ambayo mwenzake aliiacha njiani. Hapo ndipo imani yake inapoonekana waziwazi zaidi.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, nchini Ujerumani. Alisomea umisionari mjini Basel, kisha akatumwa Uhabeshi na CMS, chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza. Alipozuiwa kurejea Shoa, hakuiacha nia yake ya kuwafikia Waoromo. Alitafuta njia nyingine kwa kupitia pwani ya kusini. Mwanzoni mwa mwaka 1844 aliwasili Unguja, ambako Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwaka huohuo akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosina.

Haikupita miezi mingi kabla ya msiba kumfika. Mwezi Julai 1844 Rosina alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata. Walizikwa upande wa bara, Kisauni, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa mahututi siku hizo, na lau angerudi kwao hapana ambaye angemlaumu. Yeye alilichukulia kaburi lile kuwa alama ya kazi iliyoanza, wala si ya kazi iliyoshindwa, akabaki.

Wakati huo alikuwa amekwisha anza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Katika kazi hiyo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Inafaa jambo hili lizingatiwe: tafsiri ya Biblia ilipata msaada wa mwanachuoni Mwislamu aliyeijua vyema lugha yake. Sura chache za tafsiri hiyo zilichapishwa nchini Marekani mwaka 1847, na sarufi ya Krapf ikatoka Tübingen mwaka 1850. Lahaja aliyoiandika ni Kimvita, kisemacho ndia pale Kiunguja kisemapo njia.

Mwezi Juni 1846 alifika Johannes Rebmann, na mwezi Agosti wawili hao wakafungua kituo Rabai, bara ya Mombasa. Hawakuwa na tabia moja. Krapf alikuwa mtu wa safari, aliyeota mlolongo wa vituo kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi; Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja na kuwazoea watu wake. Tofauti hiyo iliwatia katika mvutano, lakini haikuwavunjia udugu. Afya ilipomlazimu Krapf kuondoka mwaka 1853, Rebmann ndiye aliyebaki. Krapf alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, ila mwili haukumruhusu kukaa. Rebmann aliondoka mwaka 1875, karibu miaka 29 tangu afike, macho yake yakiwa yamepofuka.

Rebmann alikwenda Korntal, Ujerumani, alikoishi Krapf, na akafariki huko tarehe 4 Oktoba 1876. Aliacha muswada wa kamusi ya Kinyasa, lugha ijulikanayo leo kama Kichewa au Kinyanja, alioukusanya kwa msaada wa Salimini, mtumwa aliyetoka pande za Ziwa Nyasa. Krapf aliuhariri muswada huo, ukachapishwa mwaka 1877 kwa jina la Rebmann. Wakati huo kamusi yake mwenyewe ya Kiswahili ilikuwa bado haijatoka. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, hakuiona.

Wengine nao waliipokea kazi. Kamusi ya Kinyika iliyokusanywa na Krapf na Rebmann ilihaririwa na T. H. Sparshott na kutolewa mwaka 1887. Harry Kerr Binns, aliyetumikia Rabai na Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa Kisauni mwaka 1875, aliirekebisha na kuipanga upya kamusi ya Kiswahili, ikatoka mwaka 1925.

Miaka michache baadaye Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na tahajia ya Krapf ikabaki ya kale. Hata hivyo, atakaye kukijua Kimvita cha karne ya 19 hana budi kuirejea kamusi yake. Kwa Krapf, mwenye kazi alikuwa Mungu, na mtumishi alipewa zamu tu. Ndiyo maana aliweza kuiacha kazi yake mikononi mwa wengine bila kukata tamaa, na kuichukua ya marehemu mwenzake bila kuifanya yake.