Felice Benuzzi: Mateka aliyetoroka kambini ili apande Mlima Kenya, kisha akarudi

Hapa kwetu Mara kukwea mwamba hakuna darasa. Mtoto wa Butiama anayazoea mawe ya Mwitongo tangu mdogo, na wa Musoma anajua jiwe lipi kando ya ziwa linateleza. Ndiyo maana tulipogusia hewani kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaojifunza kukwea ndani ya majengo, maswali yalikuja mengi, hasa kutoka Bunda. Kule ukumbini ukuta umefungwa vishikio vya plastiki vya rangi, na chini pametandikwa magodoro. Wasikilizaji walitaka kujua kama mtu aliyefundishwa hivyo akitolewa nje, kwenye jabali lenyewe, ataweza.

Jibu letu ni maisha ya Felice Benuzzi. Yeye hakujiandaa ukumbini. Alijiandaa ndani ya uzio wa seng'enge.

Benuzzi alizaliwa mwaka 1910 mjini Vienna, baba Mwitaliano na mama wa Austria, akakulia Trieste, Italia, karibu na milima ya Alps. Huko ndiko alikojifunza kukwea. Alisomea sheria, na akaiwakilisha nchi yake katika kuogelea. Mwaka 1938 akaajiriwa katika utawala wa kikoloni wa Italia na kupelekwa Ethiopia. Waingereza walipoiteka Addis Ababa mwaka 1941, akawa mateka wa vita, akaishia katika kambi ya Nanyuki, Kenya.

Maisha ya kambini tusiyapambe. Matope, upepo, uvivu wa kulazimishwa, na hakuna aliyejua vita vitakwisha lini. Ulikuwa msimu wa mvua, mlima haukuonekana. Halafu alfajiri moja mawingu yalifunguka, akauona Mlima Kenya umesimama mbele yake. Kuanzia hapo alikuwa na kazi ya kufanya.

Kwanza alitafuta wenzake. Alimpata daktari Giovanni Balletto, aliyekuwa mpandaji, na baadaye Vincenzo Antonioni, ambaye kukwea hakukujua. Vifaa wakavitengeneza wenyewe kwa siri. Nyundo ziligeuzwa kuwa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu na seng'enge vikawa meno ya kufunga chini ya viatu yasiruhusu kuteleza kwenye theluji. Kamba walizifumua kutoka kwenye nyavu za katani za vitanda vyao. Chakula walidunduliza kwenye mgao, miezi kwa miezi. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama.

Tarehe 24 Januari 1943 walitoka kwa ufunguo wa bandia, wakapitia kwenye bustani ya mboga. Walimwachia mkuu wa kambi barua kwamba watarudi.

Sasa hapa ndipo swali la wasikilizaji wetu linapopata jibu. Mtu wa ukumbini huoneshwa njia na rangi: shika kijani, kanyaga kijani, mpaka juu. Nje hakuna rangi. Benuzzi na wenzake walifuata mto msituni siku kadhaa, wakakutana na tembo na faru, na njia ikawa ile waliyoigundua wenyewe. Pia hewa hupungua kadiri unavyopanda. Musoma tuko mita kama 1,150 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki ni karibu 2,000, na wao walikuwa wanaelekea 5,000 wakiwa na matumbo ya mgao wa kambini. Antonioni aliugua, akabaki kwenye hema.

Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyotajwa zaidi, vyote vikiwa na majina ya viongozi wa Kimaasai. Batian ndicho kirefu kuliko vyote, mita 5,199, na Nelion kinapungua kidogo tu. Hivyo viwili ni jabali tupu la kupandwa kwa kamba. Lenana, mita 4,985, mtu mwenye pumzi anafika kwa miguu.

Benuzzi na Balletto walilenga Batian, kupitia ukingo wa kaskazini-magharibi. Kamba ilikuwa ya kitanda, na hakuna aliyejua itabeba uzito gani mtu akianguka. Walipanda hadi theluji na upepo vilipowafunika, mwamba ukaganda barafu, wakaamua kugeuka. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika safari ile. Kambini walikuwa wameweza kupanga kila kitu isipokuwa hali ya hewa, na aliye ukumbini naye akishindwa huanguka kwenye godoro, akacheka, akaanza upya. Wao wangeendelea, tusingekuwa na habari ya kuwasimulia.

Tarehe 6 Februari walipanda Lenana, wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao. Chakula kilikuwa kimekaribia kwisha. Wakashuka kwa njaa, na baada ya siku 18 nje wakaingia tena kambini kwa hiari yao. Adhabu ilikuwa siku 28 za mahabusu. Mkuu wa kambi, kwa kuthamini walichofanya, akazipunguza zikawa 7.

Benuzzi alirudishwa kwao mwaka 1946, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari ile kwa Kiitaliano. Toleo la Kiingereza nalo aliliandika mwenyewe, na ndilo lililomtangaza duniani. Kazi yake ya maisha ikawa udiplomasia, hadi ubalozi wa Italia nchini Uruguay. Alifariki Roma mwaka 1988. Batian hakuwahi kukifikia.