Askofu Steere na Kiwanja cha Mkunazini



Sisi wa Kibaha tumelelewa na fedha za misaada. Shirika la Elimu lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, na hata leo watoto wanasoma pale na wagonjwa wanatibiwa. Lakini tumeona na ya namna nyingine. Kikundi kimoja nilichokuwamo zamani, na jina lake nalisitiri, kilipata cherehani sita kwa msaada wa kanisa la ng'ambo. Mwaka wa tatu zilibaki mbili zinazofanya kazi. Hakuna aliyefundishwa kuzitengeneza, na hakuna aliyetuuliza kama ushonaji ndio tuliouhitaji. Nilikuwa mweka hazina msaidizi, basi aibu ile ni yangu pia.

Kwa kuwa Halmashauri ya Parishi inazungumza tena habari za ruzuku, nimeona vema kuwaelezeni maisha ya mtu aliyeshika fedha nyingi za sadaka katika mtaa mmoja wa mjini, zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria akawa wakili, lakini moyo wake haukutulia huko. Mwaka 1856 alipewa ushemasi, kisha upadre, akatumikia Lincolnshire, kwanza Skegness kwenye wavuvi, halafu kijiji cha Little Steeping. Angeweza kuzeekea pale. Lakini rafiki yake William Tozer alichaguliwa kuwa Askofu wa Misioni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA tunayoijua, baada ya Askofu Mackenzie kufa kwa homa mwaka 1862. Steere akafuatana naye mwaka 1863, akidhani atakaa muda mfupi tu.

Walijaribu kwanza upande wa mto Shire wakashindwa. Mwishoni mwa Agosti 1864 wakafika Unguja. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotekwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi, mkumbukeni, nitamrudia.

Steere akaanza kujifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza watu. Alikaa na wasimulizi wa mjini akaandika hadithi kama walivyozisema, naye akaweka mtambo wa kuchapa na kuwafundisha vijana kupanga herufi. Injili ya Mathayo kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1869, na kitabu chake cha sarufi pamoja na kile cha hadithi vikatoka mwaka 1870. Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu mzuri huanza na lugha ya mtoto. Steere alilifahamu jambo hilo bila kufika chuo chetu.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kuharibu majengo ya Misioni, na Askofu Tozer akajiuzulu kwa ugonjwa. Steere, aliyekuwa amekwenda kwao, akarudi akakuta kazi karibu ianze upya. Ndipo mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Mkunazini.

Hapa nataka tutulie kidogo. Kiwanja kile kilikuwa katikati ya mji, mahali ambapo watu waliuzwa kama mbuzi. Padre Arthur West alinunua sehemu kubwa kwa fedha yake mwenyewe. Sehemu nyingine ilitolewa bure na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu. Baadaye saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash, Mwislamu. Fedha za ujenzi zilitoka kwa Wakristo wa Uingereza. Padre West hakuuona mwisho wake, maana alifariki siku ya Krismasi mwaka 1874.

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Mwaka uliofuata, Agosti 1874, Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu katika kanisa la Westminster Abbey, kisha akarudi Unguja kuwa Askofu na msimamizi wa mafundi kwa pamoja. Alipanga mwenyewe paa la kuba, lisilo na boriti, kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, na wako waliodhani litaanguka. Wajenzi wengi walikuwa watu waliotoka utumwani. Inasimuliwa kwamba siku moja Askofu hayupo, nguzo kadhaa za karibu na mlango zilisimamishwa kichwa chini, akaziacha hivyo. Ukienda leo utaziona, na paa bado liko.

Msidhani utumwa ulikwisha siku soko lilipofungwa. Wafanyabiashara waliacha majahazi wakapitisha watu kwa miguu barani. Mwingereza Frederick Elton, aliyetumwa kukagua njia kati ya Dar es Salaam na Kilwa, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 katika mwezi mmoja tu, kuanzia Desemba 1873 hadi Januari 1874. Njia hiyo ilipita katika nchi ya Wazaramo, yaani kwa babu za ndugu zetu wengi wa Kisarawe. Ilipigwa marufuku mwaka 1876.

Waliookolewa walikusanywa katika shamba la Mbweni, wakazidi kuongezeka. Askofu aliona kwamba watu hawa hawakuzaliwa ili wale mkono wa Misioni siku zote. Wengi walitoka bara, upande wa Ziwa Nyasa. Basi mwaka 1876 akawachukua zaidi ya 50 kwa meli hadi Lindi, wakatembea kuelekea makwao. Walipofika Masasi wakaipenda ardhi na maji yake, wakaomba wakae pale pale. Askofu alikuwa na mpango mwingine, lakini akawakubalia. Nionavyo mimi, hilo ni kubwa kuliko lile paa.

Ibada ya kwanza katika kanisa la Mkunazini ilifanyika siku ya Krismasi. Mwaka 1879 John Swedi, yule mvulana wa jahazini, alipewa ushemasi.

Askofu Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, mwenye umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare. Mwezi uliofuata Wangoni waliishambulia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Askofu hakuijua habari hiyo. Watu walirudi wakajenga tena. Biblia nzima ya Kiswahili, kazi aliyoianza, ilikamilika kuchapwa mwaka 1891. Na pale Mkunazini, kando ya kanisa, Misioni ikajenga hospitali.