Dorothy Dandridge: Staa wa 'Carmen Jones' ambaye sauti yake haikusikika

Ukiitazama 'Carmen Jones' ya mwaka 1954, Dorothy Dandridge anapoanza kuimba, sauti unayoisikia si yake. Ni ya Marilyn Horne, aliyekuwa na miaka 20 tu. Nyimbo zilitoka kwenye opera, na watayarishaji walitaka sauti ya opera.

Kumbe Dorothy alikuwa mwimbaji tangu mtoto. Alizaliwa Cleveland, Ohio, Novemba 9, 1922, na akiwa mdogo alizunguka makanisani akitumbuiza na dada yake, Vivian. Ukubwani akawa staa wa klabu za usiku, enzi ambazo hoteli nyingi za Las Vegas zilimtaka msanii mweusi jukwaani lakini hazikumpa chumba cha kulala.

'Carmen Jones' ilimfanya mwanamke mweusi wa kwanza kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 1955 tuzo ikaenda kwa Grace Kelly.

Ungedhani baada ya hapo milango ingefunguka. Wapi! Hollywood haikuwa na nafasi nyingi za maana kwa mwanamke mweusi. Mwaka 1963 alitangaza kufilisika, na akashindwa kuendelea kulipia matunzo ya binti yake aliyekuwa na ulemavu wa ubongo.

Alifariki Septemba 8, 1965, akiwa na miaka 42 tu.

Mwaka 2002, Halle Berry, aliyewahi kumwigiza Dorothy kwenye filamu, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuibeba Oscar hiyo. Pale jukwaani, huku akilia, alimtaja Dorothy.